Hakimu na Tabibu: Historia ya Kitubio katika Kanisa Katoliki

Mwaka 250, kipande cha karatasi ya mafunjo kiliweza kuokoa roho ya mtu katika Dola ya Kirumi. Kaisari Decius alikuwa ameamuru wakazi wote wa dola watoe sadaka kwa miungu mbele ya maofisa, waonje nyama ya sadaka hiyo, kisha wapewe cheti chenye saini. Vyeti vya namna hiyo zaidi ya 40 vimefukuliwa katika mchanga wa Misri, na karibu vyote vinasema yaleyale: fulani, wa kijiji fulani, amemwaga kinywaji, ametoa sadaka na kuonja nyama. Wakristo kadhaa waliuawa kwa kukataa. Wengi zaidi walipanga foleni. Wapo pia waliotoa hongo wakapata cheti bila kugusa nyama yoyote, wakidhani wamemlaghai Kaisari bila kumkosea Mungu.

Mateso yalipopoa, watu hao wakarudi kubisha hodi kanisani, na Kanisa likajikuta na swali lisilo na jibu la haraka. Mtu aliyebatizwa, kisha akamkana Kristo mchana kweupe, anasameheka? Kama anasameheka, nani wa kumsamehe, kwa masharti gani, na mara ngapi?

Mkatoliki wa leo anayepiga magoti kando ya padri na kunong'ona dhambi zake anafuata desturi iliyopatikana polepole sana, na karibu kila hatua yake ilizaliwa na msukosuko fulani. Katika hatua zote hizo hakuna aliyeshinda moja kwa moja ubishi mmoja wa zamani: anayesikiliza dhambi ni hakimu wa kutoa hukumu, au ni tabibu wa kufunga jeraha?

Nafasi ya pili, na ya mwisho

Kanisa halijawahi kudai kwamba lilijitungia mamlaka ya kuondolea dhambi. Linarejea Injili ya Yohane, sura ya 20, Yesu mfufuka anapowavuvia mitume Roho Mtakatifu na kuwakabidhi kazi ya kuondolea dhambi au kuzifunga. Hata hivyo Injili haisemi kazi hiyo ifanyikeje. Wakristo wa kwanza waliona jibu kubwa katika ubatizo: mtu mzima alishuka majini na dhambi zake zote, akapanda msafi. Baada ya hapo alitegemewa aishi kama mtakatifu. *Didake*, mwongozo mfupi wa Wakristo wa mwanzo kabisa, uliwataka waumini waungame makosa yao kabla ya kuumega mkate siku ya Bwana, lakini hautaji padri aliyekaa pembeni kumsikiliza mmoja mmoja.

Kisha zikaja dhambi nzito: uzinzi, uuaji, kuabudu miungu. Katika karne ya 2, kitabu cha *Mchungaji* kilichoandikwa Roma na mtu aitwaye Hermas kilitoa tangazo lililowapa wengi ahueni na hofu kwa pamoja. Baada ya ubatizo kuna toba, lakini ni moja tu. Atakayeanguka tena asitegemee nyingine.

Mwandishi wa Kartago, Tertullian, aliieleza toba hiyo mwanzoni mwa karne ya 3. Mtubu alivaa gunia, akalala majivuni, akafunga, akapiga magoti mbele ya wazee wa Kanisa na kuwasihi ndugu wote wamwombee. Aliyetubu alijulikana na kila mtu. Kilichoonekana kuharibika hakikuwa moyo wa mtu mmoja peke yake, bali mwili mzima wa waumini, na kwa hiyo mwili mzima ulishiriki kumrudisha. Hapa ndipo maana ya kwanza ya kitubio ilipo, nayo imesahauliwa na wengi: kilikuwa mlango wa kurudi nyumbani kwa watu wako, na kwa kupitia kwao, kurudi kwa Mungu. Tertullian mwenyewe baadaye alijiunga na kundi kali la Wamontano, akaupinga hata huo mlango mmoja.

Kartago, 251

Askofu wa Kartago wakati wa amri ya Decius alikuwa Sipriani, mwalimu wa ufasaha aliyebatizwa akiwa mtu mzima na kufanywa askofu muda mfupi tu baadaye. Alijificha, akaongoza jimbo lake kwa barua, na wabaya wake hawakuacha kumkumbusha kwamba yeye alikimbia.

Tatizo lake kubwa halikutoka kwa Kaisari. Lilitoka gerezani. Wakristo waliofungwa na kuteswa bila kuikana imani waliheshimiwa mno, na walioanguka wakaenda kuwaomba barua za amani ili warudishwe kundini. Barua zikaanza kugawiwa kama njugu. Nyingine hazikutaja hata majina. Zilisema tu apokewe fulani na watu wake. Upande wa pili, huko Roma, padri Novatian alisisitiza kwamba Kanisa halina ruhusa ya kumrudisha aliyemkana Kristo, akajifanya askofu wa kumpinga Papa Kornelio.

Sipriani aliitisha sinodi mwaka 251, nayo ikapita katikati. Walionunua vyeti tu wachunguzwe mmoja mmoja na wapokewe. Waliotoa sadaka kwa mikono yao wabaki katika toba, wapewe amani wakiwa karibu kufa. Muda si mrefu, mateso mapya yalipokaribia, maaskofu wakalegeza zaidi: watubu wote warudishwe sasa, kwa kuwa haifai kumpeleka askari vitani bila chakula. Uamuzi wa kupokea ulikuwa wa askofu, si wa shujaa wa gerezani, hata awe na makovu kiasi gani. Sipriani mwenyewe alikatwa kichwa Septemba 14, 258, na baada ya hapo hakuna aliyemwita tena mkimbizi.

Kwa uamuzi huo Kanisa Katoliki lilikataa kuwa jumuiya ya wasafi watupu. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 uliendeleza msimamo uleule: ulieleza namna ya kuwapokea wafuasi wa Novatian wanaotaka kurudi, na ukaagiza kwamba mtu anayekufa asinyimwe Komunyo ya mwisho.

Kaisari majivuni

Baada ya mwaka 313 Ukristo ulikuwa huru, na makanisa yakajaa. Sasa mtubu aliweza kuwa mtu mkubwa. Mwaka 390, mjini Thesalonike, kamanda wa jeshi Butheric alimtia ndani dereva maarufu wa magari ya mashindano. Umati ulimtaka dereva wake, kamanda akakataa, umati ukamuua kamanda. Kaisari Theodosius, mtu wa hasira za ghafla, aliamuru kisasi. Watu walizingirwa mjini na askari wakaanza kuua. Mwanahistoria Theodoret, aliyeandika miongo kadhaa baadaye, anataja watu 7,000.

Askofu wa Milano, Ambrosi, hakupiga kelele barabarani. Alimwandikia Kaisari barua ya faragha, kwa mkono wake mwenyewe, akamweleza kwamba hataweza kutoa sadaka ya Misa ikiwa Kaisari atakuwepo. Theodosius alivua alama za ufalme, akalia dhambi yake kanisani mbele ya watu, na akapokewa tena kwenye Noeli ya mwaka huohuo. Ambrosi alilisimulia jambo hilo katika mahubiri ya maziko ya Kaisari mwaka 395. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa nguvu ya toba ya hadharani: mtawala wa dunia iliyojulikana alipanga mstari na wazinzi na wauaji.

Lakini utaratibu wenyewe ulikuwa umeanza kujiua. Waliokubali toba waliingizwa katika kundi maalumu la watubu, wakasimama sehemu yao kanisani, wakaondoka kabla ya Komunyo. Roma iliwapatanisha Alhamisi Kuu. Adhabu haikuishia hapo. Hata baada ya kupatanishwa, mtu alikatazwa maisha yake yote kurudi jeshini, kupewa daraja takatifu na, mahali pengi, kuishi na mkewe kama mume na mke. Tena nafasi ilikuwa moja. Nani mwenye akili timamu angeitumia akiwa na miaka 25? Watu wakaahirisha toba hadi kitandani pa kufia, kama vile wengine, Kaisari Konstantino mwenyewe akiwamo, walivyoahirisha ubatizo. Sinodi ya Agde, kusini mwa Ufaransa ya leo, mwaka 506 ilionya kwamba vijana wasipewe toba kirahisi. Maaskofu walikuwa wanawazuia watu kutubu, kwa huruma.

Dalili moja ya mabadiliko ilikuwa imeshaonekana. Mwaka 459 Papa Leo Mkuu aliwakemea maaskofu wa Italia waliozoea kusoma hadharani orodha ya dhambi za watubu. Aliona kwamba wengi wanaogopa aibu, na wengine wanaogopa maadui watakaowapeleka mahakamani. Inatosha, aliandika, dhambi kuungamwa kwa siri kwa padri.

Wamonaki kutoka kaskazini

Jibu la kweli lilitoka mahali ambapo Roma haikuwahi kutawala. Ireland haikuwa na miji mikubwa wala kundi la watubu kanisani. Ilikuwa na monasteri, na ndani ya monasteri mmonaki alizoea kumfunulia mzee wake wa kiroho yaliyo moyoni, tena na tena. Wairelandi wakaipeleka desturi hiyo kwa watu wa kawaida. Dhambi iliungamwa faraghani, padri akatoa malipizi, malipizi yakaisha, mtu akarudi Komunyo. Akianguka tena, alirudi tena.

Ili mapadri wasibahatishe, waliandikiwa vitabu vya malipizi. Kile cha Mtakatifu Kolumbano, aliyevuka bahari kwenda Ufaransa mwishoni mwa karne ya 6 na kufa katika monasteri yake ya Bobbio, Italia, mwaka 615, kinampa kleri aliyeua miaka 10 ya uhamisho. Mlei aliyelewa hadi kutapika anapewa wiki moja ya mkate na maji. Msomaji wa leo anaweza kucheka, lakini waandishi wa vitabu hivyo walijiona matabibu. Ugonjwa unatibiwa kwa kinyume chake: mchoyo atoe sadaka, mlafi afunge, mwenye mdomo mrefu anyamaze.

Maaskofu wa kusini walikasirika. Mtaguso wa Tatu wa Toledo, mwaka 589, uliiita desturi ya kuungama kila mtu anapoanguka kuwa uthubutu wa kuchukiza. Miaka 60 hivi baadaye, sinodi ya Chalon huko Ufaransa ilitamka kwamba toba anayoitoa padri baada ya maungamo ni dawa ya roho inayowafaa watu wote. Hivyo jambo lililolaaniwa katika kizazi kimoja likasifiwa katika kizazi cha wajukuu wake, bila mtu yeyote kutangaza kwamba Kanisa limegeuka.

Dawa hiyo nayo ilichacha. Malipizi yaliyopimwa kwa siku na miaka yalianza kubadilishwa kwa zaburi, kwa sadaka, halafu kwa watu. Maandishi ya Uingereza ya kabla ya uvamizi wa Wanormani yanaeleza jinsi bwana mkubwa anavyoweza kumaliza mfungo wa miaka 7 kwa siku 3. Atafute watu 12 wafunge siku 3 kwa mkate, mboga mbichi na maji, kisha atafute 120 mara saba, nao wafunge siku 3. Ukikokotoa unapata siku 2,556 za kufunga, ambazo ni miaka 7 na siku moja. Hesabu imenyooka kabisa; toba ndiyo haionekani. Sinodi ya Paris ya mwaka 829 ilikuwa tayari imeagiza vitabu vya malipizi vitafutwe na kuchomwa moto, ingawa mapadri wa vijijini waliendelea kuvitumia.

1215: kila mtu, kila mwaka

Novemba 1215 Papa Inosenti III aliwakusanya maaskofu zaidi ya 400 katika basilika la Laterano. Kanuni ya 21 ya mtaguso huo iligusa maisha ya watu wengi kuliko nyingine yoyote. Kila muumini, mwanamume kwa mwanamke, aliyefikia umri wa kupambanua mema na mabaya, aungame dhambi zake zote walau mara moja kwa mwaka kwa padri wake mwenyewe, na apokee Komunyo wakati wa Pasaka. Asiyefanya hivyo azuiwe kuingia kanisani akiwa hai, na akifa asizikwe Kikristo.

Sheria hiyo ina sura mbili. Upande mmoja ni amri yenye adhabu kali. Upande wa pili, kanuni hiyohiyo inamtaka padri awe kama tabibu stadi anayemimina divai na mafuta katika vidonda, aulize kwa busara hali ya mkosaji na ya kosa, ili ajue dawa ipi itafaa. Kisha inamlinda mgonjwa: padri atakayefichua dhambi aliyoisikia avuliwe kazi yake na afungiwe katika monasteri ya masharti magumu atubu maisha yake yote.

Mapadri wengi wa parokia hawakuwa na elimu ya kazi hiyo. Pengo likajazwa na watawa wapya wa Mtakatifu Dominiko na wa Mtakatifu Fransisko, waliotembea mji hadi mji wakihubiri na kuungamisha. Mdominikani Raimundo wa Peñafort aliandika kitabu cha kuwaongoza waungamishi, na vyuo vikuu vikaanza kuchambua dhamiri kwa undani usiowahi kuonekana: nia, mazingira, kiasi cha uhuru, ujuzi wa mtendaji. Mfanyabiashara alijifunza kujiuliza kuhusu riba, askari kuhusu ngawira. Kuna wanahistoria wanaoamini kwamba tabia ya mtu wa Ulaya ya kujichunguza ndani ilikuzwa kwa sehemu kubwa na sheria hii ya 1215, na ni hoja yenye uzito.

Siri ya maungamo ikapata shahidi wake huko Praha. Machi 1393 mfalme Wenceslaus IV aliamuru padri Yohane wa Nepomuk ateswe na kutupwa mtoni Vltava. Hati za wakati huo zinaonyesha ugomvi kuhusu uteuzi wa abate. Masimulizi yaliyokuja baadaye yakasema padri huyo alikataa kumwambia mfalme dhambi alizoungama malkia, na ni kwa sura hiyo watu walimpenda hadi alipotangazwa mtakatifu mwaka 1729. Sanamu yake bado imesimama kwenye Daraja la Karoli mjini humo.

Wittenberg na Trento

Watu husimulia kuhusu Martin Luther kana kwamba alianza na maandishi. Alianza na kiti cha kitubio. Akiwa mmonaki kijana alikuwa mwungamaji asiyechoka. Mkuu wake, Johann von Staupitz, alilazimika kumsikiliza kwa saa nyingi, na bado Luther alitoka akihofia kwamba kuna dhambi aliyoisahau. Baadaye, akiwa padri huko Wittenberg, aliona waungamaji wake wanavuka mpaka kwenda Jüterbog, ambako Johann Tetzel alikuwa anatoa barua za rehema kwa fedha, kisha wanarudi na barua hizo mikononi. Nusu ya mapato ilikwenda kujenga Basilika la Mtakatifu Petro; nusu nyingine ilimlipia askofu mkuu Albrecht wa Mainz deni lake kwa benki ya akina Fugger. Hoja ya kwanza kati ya zile 95 za Oktoba 31, 1517 inahusu toba: kwamba Kristo alikusudia maisha yote ya muumini yawe toba. Luther mwenyewe hakuacha kuungama, na Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 lilitaka maungamo ya faragha yabaki. Alichokataa ni lazima ya kuorodhesha kila dhambi.

Jibu la Roma lilitolewa katika Mtaguso wa Trento, Novemba 25, 1551. Mtaguso ulitaja matendo matatu ya mtubu, yaani majuto, maungamo na malipizi, na ukasisitiza kwamba dhambi zote za mauti anazozikumbuka mtu baada ya kujichunguza zitajwe moja moja na kwa aina yake. Sababu iliyotolewa ni ya kimahakama: hakimu hawezi kuhukumu kesi asiyoijua. Maondoleo, ulisema mtaguso, ni tendo la hukumu. Lakini hata Trento haikuweza kumfukuza tabibu. Katika hati hiyohiyo inakumbushwa hoja ya kale ya Mtakatifu Yeronimo: mgonjwa akiona haya kumwonyesha daktari kidonda chake, dawa haitatibu kisichojulikana.

Kuna badiliko moja la miaka hiyo ambalo mwumini wa kawaida alilihisi magotini. Hadi wakati huo padri aliketi kanisani kwenye kiti cha kawaida, mwungamaji akaja mbele yake au kando yake. Karoli Borromeo, askofu mkuu wa Milano, alianza kudai kuwepo kizuizi kati ya wawili hao, na mwaka 1577 maelekezo yake ya ujenzi wa makanisa yalieleza kiti chenye ubao katikati na dirisha dogo lenye wavu. Lengo lilikuwa kulinda heshima, hasa ya wanawake, na kuwazibia wenye shuku. Kitabu cha ibada cha Roma cha mwaka 1614 kikaifanya iwe kanuni. Hofu hiyo haikuwa ya bure: mwaka 1622 Papa Gregori XV, na tena mwaka 1741 Papa Benedikto XIV, walilazimika kutoa sheria kali dhidi ya mapadri waliotumia maungamo kuwashawishi watu wafanye uchafu.

Kibanda cha Ars

Karne mbili zilizofuata zilikuwa za ubishi kati ya waungamishi wakali na wapole. Wafuasi wa Jansen nchini Ufaransa walichelewesha maondoleo hadi mtu athibitishe kwamba amebadilika. Alfonsi wa Liguori, huko Napoli, aliwafundisha mapadri kwamba ukali unawapoteza watu.

Jean-Marie Vianney aliutatua ubishi huo kwa mwili wake. Alifika Ars mwaka 1818, kijiji cha watu 230 hivi, akiwa padri aliyepata shida kubwa ya Kilatini seminarini. Mwanzoni alikuwa mkali kwelikweli. Kadiri miaka ilivyokwenda alilegea, akaanza kutoa malipizi mepesi na kubeba sehemu iliyobaki yeye mwenyewe kwa kufunga na kukesha. Mahujaji wakaja kwa maelfu. Aliingia kitini usiku wa manane na kukaa humo hadi saa 16 kwa siku, baridi kali wakati wa kipupwe, hewa nzito wakati wa joto. Watu walisubiri zamu yao kwa siku kadhaa. Alifariki mwaka 1859, na mwaka 1929 akafanywa msimamizi wa maparoko wote duniani.

Kutoka Kartago hadi Ziwa Nyanza

Mwaka mmoja baada ya kifo cha Vianney, mapadri Wafaransa walifika Unguja. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu wakafungua misheni ya Bagamoyo. Mwaka huohuo, huko Algiers, Charles Lavigerie alianzisha shirika la Wamisionari wa Afrika. Mwaka 1884 Lavigerie alikabidhiwa pia kiti cha askofu mkuu wa Kartago, kilekile cha Sipriani, nacho hakikuwa cheo cha kujipamba tu. Aliwaagiza wamisionari wake wafuate mfano wa Kanisa la kale: ukatekumeni wa miaka 4 kabla ya ubatizo, ili waongofu wasibatizwe haraka na kuanguka haraka.

Msimamo huo ulipimwa mapema Buganda. Wamisionari walifika huko mwaka 1879, wakaondoka Novemba 1882 kwa sababu ya hali ya hatari, wakakaa Bukumbi, kusini mwa ziwa, hadi Julai 1885. Kwa zaidi ya miaka miwili waongofu walibaki bila padri wa kuwaungamisha. Walisali pamoja na kufundishana, wakiongozwa na watu kama Yosefu Mukasa Balikuddembe. Mateso ya Kabaka Mwanga yalipowafikia Wakatoliki Novemba 1885, Mukasa akawa wa kwanza kuuawa miongoni mwa Wakatoliki. Karoli Lwanga na wenzake wakafuata Juni 1886. Mashahidi 22 Wakatoliki walitangazwa watakatifu Oktoba 18, 1964.

Misa ilisomwa kwa Kilatini, lakini maungamo hayawezekani kwa Kilatini. Mmisionari aliyetaka kusikia dhambi za Mhaya au Mganda alilazimika kujua lugha yake hadi kwenye mafumbo na matusi. Ndiyo maana kupata mapadri wazalendo lilikuwa jambo zito: Basil Lumu na Victor Mukasa walipadrishwa Uganda mwaka 1913, na wa kwanza wa Tanganyika mwaka 1917 huko Rubya. Sasa mtu aliungama kwa padri aliyeelewa hata alichokiacha bila kukisema.

Vijijini utaratibu haujabadilika sana. Padri anafika kigangoni, anashusha begi la Misa, anavaa stola ya zambarau, anawekewa kiti chini ya mti au nyuma ya kanisa, na foleni inaanza kabla hajapewa maji ya kunywa. Kibanda cha Borromeo hakipo. Faragha ni ya umbali: anayefuata anasimama hatua kadhaa nyuma na kutazama pembeni. Wapo pia wasiosogea kabisa kwenye foleni hiyo, kwa kuwa hawajafunga ndoa kanisani au wako katika ndoa ya wake wengi, na padri hawezi kuwapa maondoleo. Hili ni jeraha la Kanisa la Afrika ambalo hadi sasa halijapatiwa dawa ya kuridhisha.

Baada ya Vatikano

Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliamuru mwaka 1963 kwamba ibada ya kitubio iangaliwe upya, na kuirudishia maana iliyokuwa imefifia tangu enzi za Kolumbano: anayetubu anapatana na Mungu na pia na Kanisa alilolijeruhi. Taratibu mpya, zilizoidhinishwa Desemba 2, 1973, ni tatu: maungamo ya mtu mmoja, ibada ya pamoja ambayo kila mtu anaungama peke yake, kama inavyofanyika katika parokia nyingi wakati wa Kwaresima na Majilio, na maondoleo ya jumla katika dharura kubwa. Katekisimu ya mwaka 1992 inampa padri majina yote kwa mkupuo: mchungaji mwema, Msamaria anayefunga majeraha, baba anayemsubiri mwana mpotevu, na hakimu mwenye haki na huruma.

Rwanda ilionyesha mahali ambapo maungamo ya siri yanafika ukingoni. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, muuaji aliweza kunong'ona kwa padri na kuondolewa dhambi, huku mjane jirani yake akiwa bado hajui mume wake alizikwa wapi. Padri Ubald Rugirangoga, aliyepoteza mama yake na ndugu wengi katika mauaji hayo, alianzisha njia nyingine katika parokia ya Mushaka, Jimbo la Cyangugu. Waliokiri kushiriki mauaji walikaa bila Komunyo, wakafundishwa kwa miezi, wakaenda kuomba msamaha kwa familia walizozikosea, ndipo wakapokewa mbele ya parokia nzima. Padri Ubald alifariki Januari 2021. Alichokifanya Mushaka kingemshangaza paroko wa karne ya 19. Sipriani angekitambua mara moja.

Wakati huohuo siri yenyewe inapigwa vita kwa sababu nzito. Baada ya kashfa za mapadri waliowadhulumu watoto, tume ya kifalme ya Australia ilipendekeza mwaka 2017 kwamba padri alazimike kutoa taarifa hata ya yale aliyoyasikia katika maungamo, na jimbo la Victoria likapitisha sheria hiyo mwaka 2019. Katikati ya mwaka huohuo Idara ya Toba ya Kitume, Vatikano, ilitoa tamko kwamba siri hiyo haiguswi na serikali yoyote. Padri anaweza kumhimiza mhalifu ajisalimishe, lakini hawezi kumsaliti.

Machi 2020, makanisa yalipofungwa kwa sababu ya korona, idara hiyohiyo iliruhusu maondoleo ya jumla mahali palipokuwa na hatari, na ikawakumbusha waumini wasioweza kumfikia padri kwamba majuto kamili, pamoja na nia thabiti ya kuungama mara itakapowezekana, huondoa hata dhambi za mauti. Ruhusa hiyo ilikuwa ya dharura. Sheria ya kawaida ni ile ya kanuni ya 989, mrithi wa agizo la 1215: kila Mkatoliki aliyefikia umri wa kupambanua anapaswa kuungama dhambi zake kubwa walau mara moja kwa mwaka. Na padri anayeifichua siri ya maungamo moja kwa moja hafungiwi tena monasterini. Anatengwa na Kanisa papo hapo, na ni Kiti Kitakatifu pekee kinachoweza kumwondolea adhabu hiyo.